Chai, Muuzaji wa Kigeni na Suala la Dharau ya Kiutamaduni: Mtazamo kutoka Kasulu na Kibondo

1.0 Utangulizi

Makala hii inajadili uhusiano kati ya biashara ya chai na dharau ya kiutamaduni katika historia ya Tanzania, ikiutazama kutoka nyanda za juu za Buha, hususani Kasulu na Kibondo mkoani Kigoma. Buha imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, mashamba makubwa ya chai yalianzishwa Usambara, Mufindi na Rungwe, ilhali zao la biashara la miinuko ya Kigoma ni kahawa. Hivyo Waha waliijua chai zaidi kama bidhaa ya kununua. Pili, utawala wa kikoloni uliwatazama Waha kwanza kama nguvukazi, na mtazamo huo una athari kwa namna walivyofikiriwa kama wanunuzi.

Dharau ya kiutamaduni hapa ina maana ya muuzaji kujiweka katika nafasi ya mwalimu wa ustaarabu, na kumchukulia mnunuzi kuwa mtu asiye na ladha, adabu wala maarifa yake mwenyewe. Hoja ya makala ni kwamba dharau hiyo haitokani na taifa la muuzaji, bali na nafasi anayompa mnunuzi.

2.0 Chai ya Kichina na dharau ya awali

Jina chai lina asili ya neno la Kichina cha, lililopitia Kiajemi na Kihindi kabla ya kufika pwani yetu. Hata hivyo, chai iliyoenea Afrika Mashariki chini ya Waingereza haikuuzwa kwa sifa ya Uchina. Kati ya 1848 na 1851, Robert Fortune alichukua mimea na mafundi wa chai kutoka Uchina kwa niaba ya Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India. Tayari mwaka 1839 chai ya Assam ilikuwa imeuzwa mnadani London. Katika miongo iliyofuata, matangazo yaliisifu chai ya India na Ceylon kuwa safi na ya mashine, huku ya Kichina ikielezwa kuwa chafu na yenye kughushiwa, jambo ambalo Rappaport (2017) amelichambua kwa kina. Ulipoundwa ubao wa kimataifa wa kupanua soko la chai mwaka 1935, lugha hiyo ya usafi na maendeleo ilikuwa imekwisha kukomaa. Kwa hiyo, kabla dharau ya wauza chai haijamfikia Mwafrika, ilikuwa imeanza kwa Mchina aliyeivumbua chai yenyewe.

3.0 Muha katika daftari la utawala

Wabelgiji waliitawala Buha kuanzia 1916 hadi 1921, kisha Waingereza wakaichukua. Kodi ilihitaji fedha taslimu, na mishahara ya mkonge wa Tanga ikawa njia mojawapo kuu ya kuipata. Iliffe (1979) anaitaja Buha miongoni mwa maeneo yaliyotegemewa kutoa vibarua. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda shirika la kuajiri, SILABU, lililowasafirisha watu kutoka mikoa ya mbali, Kigoma ikiwamo. Mfanyakazi aliyeandikishwa aliitwa manamba, kwa sababu alijulikana kwa namba.

Daftari la namna hiyo halina safu ya ladha. Lakini watu waliokuwa chini ya watawala wa Heru na Muhambwe, katika Kasulu na Kibondo ya leo, walikuwa na utamaduni wao wa vinywaji. Pombe ya ndizi na ya nafaka ilihitajika katika ndoa, katika upatanisho na katika kazi za ushirika, na ilikuwa na taratibu za nani apewe kwanza na nani aketi wapi. Kumfundisha mtu wa jamii hiyo kwamba kinywaji ni alama ya ustaarabu kulikuwa ni kumfundisha jambo alilokwisha kulijua.

Lugha inaonesha ni nani hatimaye aliyeamua maana ya chai. Katika Kiswahili, kunywa chai ni kupata kifungua kinywa, hata kama kikombeni kuna uji. Ipo chai ya rangi na ipo ya maziwa. Na ofisini chai imekuwa jina la hongo. Hakuna tangazo lililoagiza maana hizo. Wanunuzi ndio waliozitunga.

4.0 Mchina kama rafiki wa dola

Baada ya uhuru, Uchina ilikuja na lugha tofauti. Kanuni 8 za misaada alizozitangaza Zhou Enlai mwaka 1964 ziliagiza wataalamu wa Kichina waishi kwa kiwango kilekile cha wataalamu wa nchi mwenyeji. Mkopo wa reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ulikuwa wa yuani milioni 988 bila riba, na sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa mauzo ya bidhaa za Kichina nchini (Monson, 2009).

Lugha hii iliondoa ualimu wa ustaarabu. Hata hivyo, ilikuwa heshima baina ya dola na dola. Bidhaa zilichaguliwa kwa makubaliano ya serikali mbili, na mnunuzi alipewa kilichokuwapo. Hakudharauliwa kwa maneno, lakini pia hakuulizwa.

5.0 Mfanyabiashara binafsi

Tangu miaka ya 1990 muuzaji wa Kichina amekuwa mtu binafsi, na chai ya Kichina hutangazwa mara nyingi kama tiba: ya kupunguza unene, ya shinikizo la damu, ya kusafisha mwili. Katika matangazo ya aina hii, hekima ya kale ya Mashariki huweza kuwekwa mahali palepale ambapo mashine ya Mwingereza ilikuwa imewekwa, na anayekunywa chai yake na sukari akachukuliwa kuwa mjinga wa afya.

Hata hapa mnunuzi hakukaa kimya. Hsu (2002), aliyechunguza kliniki za Kichina nchini, alionesha kwamba wagonjwa walizisifu dawa hizo kwa kufanya kazi haraka, ilhali kwingineko tiba ya Kichina husifiwa kwa upole na utaratibu. Watanzania waliipima kwa kipimo chao.

Dharau nayo imekwenda upande wa pili. Katika mazungumzo ya mitaani, kitu kuitwa cha Mchina ni kukiita hafifu, bila kujali ubora wake. Amri ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya shughuli 15 za biashara, zikiwamo za jumla na rejareja isipokuwa maduka makubwa ya kisasa, inajibu swali la nani auze. Haijibu swali la namna mnunuzi anavyotazamwa. Mfanyabiashara raia anayepeleka Kibondo bidhaa iliyokaribia kuharibika, kwa kudhani kwamba watu wa huko hawatatambua, anarudia kosa lilelile.

6.0 Hitimisho

Mwingereza aliuza ustaarabu, dola ya Kichina iliuza urafiki, na mfanyabiashara wa leo anauza afya. Katika vipindi vyote vitatu, mnunuzi alihesabiwa zaidi kuliko alivyosikilizwa, na bado ndiye aliyeipa chai maana iliyodumu. Historia ya biashara ya kigeni katika Buha haina budi kuandikwa kuanzia kwake, kwa masimulizi ya wazee wa Kasulu na Kibondo kuhusu siku chai ilipoingia nyumbani, ilikopatikana fedha ya kuinunua, na kinywaji ilichokikuta mezani. Tukianza na daftari la muuzaji pekee, tutairithi dharau yake pamoja na takwimu zake.