Sahihi: Jina la Mwandishi na Nafasi Yake

Neno sahihi, tulitumialo kwa jina ambalo mtu hulitia chini ya maandishi yake, limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili si jina wala si mkono. Ni kitu kizima, kisicho na kasoro, kilicho kweli. Mwalimu aandikaye "jibu sahihi" katika daftari la mwanafunzi, na karani amwambiaye mteja "tia sahihi hapa", wanatumia neno lile lile. Siku hizi wengi husema saini, neno la Kiingereza lililovishwa kanzu, nami sigombani nao. Lakini saini yatuambia tu kwamba alama imetiwa. Sahihi yatuambia kwamba aliyeitia amekiri kuwa yaliyo juu yake ni kweli.

Jambo nitakalo kulichungua hapa ni dogo kwa sura: jina hilo lichukue nafasi kiasi gani, na liwekwe kwa namna gani? Watu waliokuwa na kalamu wamelijibu swali hili mara nyingi, na majibu yao hayafanani.

Tuanze na barua za pwani zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Mkusanyiko wa Büttner, uliochapwa Berlin mwaka 1892, wawatosha walimu wengi kwa mifano. Barua ya namna hiyo hufunguliwa kwa maamkizi marefu: aandikiwaye hutajwa kwa heshima zake zote, huulizwa hali, huombewa dua, na ndipo shauri lenyewe lifuatapo. Mwishoni mambo hugeuka. Mwandishi husema wasalaam, kisha hutia "wakatabahu", yaani na ameyaandika, na jina lake, na pengine neno moja la kujidhili, kama vile fakiri. Utajiri wote wa adabu amepewa msomaji. Mwandishi amejibakizia maneno machache tu. Tena, ikiwa mwenye shauri ameandika mwenyewe, husema kwamba ni kwa mkono wake. Ikiwa ameandikiwa na mwingine, husemwa kwamba ni kwa amri yake. Kwa hiyo msomaji alijua kama mwenye maneno ndiye mwenye kalamu, au la. Barua zetu za mashine zimeipoteza tofauti hiyo.

Katika tenzi, sahihi ilipewa nafasi kubwa zaidi, na hapa ndipo penye mambo ya kujifunza. Utenzi haukuwa na jalada la kuandikwa jina la mtunzi. Ulinakiliwa kwa mkono, ukapita kutoka nyumba hadi nyumba, na ukurasa wa kwanza au wa mwisho ukichanika, jina lililoandikwa pembeni lilikwenda nalo. Watunzi basi wakaliingiza jina ndani ya beti zenyewe, likafungwa kwa vina na mizani, hata asiweze mtu kulitoa bila kuacha pengo. Bwana Mwengo wa Athumani alifanya hivyo katika Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ya mwaka 1141 wa Hijra, yaani 1728, ni mojawapo ya hati kongwe kabisa za Kiswahili zilizosalia. Utenzi ule una beti zaidi ya 1,100. Beti chache za mwisho ndizo zilizotumika kumtaja mtu.

Mwana Kupona naye, alipomtungia binti yake utendi wa mawaidha hali mwenyewe ni mgonjwa, aliweka jina lake, jina la baba yake Mshamu, mji wa Pate alikozaliwa, na mwaka 1275 wa Hijra, unaoangukia 1858 na 1859. Hebu tupime. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, na kila kipande mizani nane. Jumla mizani 32. Mama yule hakuhitaji ila beti chache za namna hiyo kusema yeye ni nani, mwana wa nani, wa wapi, na lini. Laiti angaliliacha jina lake kwa unyenyekevu, kama baadhi ya watunzi walivyofanya, huenda leo tungalikuwa tukisoma katika vitabu vya shule "mtunzi hajulikani", na kijana wa darasa la tano asingalijua kwamba mwanamke wa karne ile alishika kalamu.

Pamoja na jina na tarehe, watunzi wengi walitaja hesabu ya beti. Wanafunzi wangu huicheka desturi hii. Huona kama mwenye duka anayehesabu magunia. Na kweli ni hesabu ya magunia. Anayenakili akijua kwamba mtunzi ametaja beti kadha wa kadha, akahesabu zake akazikuta zimepungua, ajua kwamba amekosa. Zikizidi, ajua kwamba mwingine ameongeza zake njiani. Nakala za tenzi hutofautiana sana, na wahakiki wameitumia mara nyingi hesabu hiyo kama mizani ya kupimia. Sahihi ya namna hii haimlindi mtunzi peke yake. Huyalinda na maneno.

Mwaka ule wa 1858, mbali huko Bengal, ofisa wa Kiingereza aitwaye William Herschel alifanya mkataba na mtu wa huko, Rajyadhar Konai, wa kuletewa kokoto za barabara. Badala ya kuridhika na sahihi ya kalamu, alimpaka wino kiganjani, akamtaka apige mkono wake wote nyuma ya karatasi. Kwa maneno yake mwenyewe, nia yake ilikuwa kumtisha asije akaukana mkataba. Kutokana na jaribio lile Herschel akaendelea kuchunguza alama za vidole kwa miaka mingi, na desturi ya kupiga dole gumba ikaenea katika ofisi za tawala za kikoloni, zetu zikiwamo.

Dole gumba ni sahihi isiyo na urefu wala ufupi, wala haina kanuni ya mwandiko. Haikosewi, haiigizwi kwa urahisi. Hata hivyo ina upungufu mmoja mkubwa: yathibitisha kidole, haithibitishi kwamba mwenye kidole ameyafahamu yaliyoandikwa juu yake. Nimefundisha madarasa ya jioni ya watu wazima, nikawaona wazee wakija na karatasi za mashamba yao zenye alama zao wenyewe, wasijue walikubali nini. Aghalabu somo la kwanza waliloliomba lilikuwa kuandika jina. Haikuwa majivuno. Walitaka siku nyingine wakiitwa mezani waweze kusema, "Ngoja kwanza nisome."

Gazeti lilileta desturi nyingine. Katika Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, washairi walijibizana kutoka mji hadi mji, na ubeti wa tamati ukawa mahali pa jina, kisha jina likarudiwa chini pamoja na mahali. Hapo majina ya kupanga yakastawi; Akilimali aliyejiita Snow-White anakumbukwa kwa jina hilo hata leo. Simu ya maandishi nayo ilitufunza ufupi kwa njia ya mfuko: kila neno lililipiwa, na jina ni neno. Watu waliokuwa na majina matatu wakagundua kwamba moja lawatosha.

Na sasa tuje kwenye kompyuta, ambako kanuni ya urefu wa sahihi iliandikwa waziwazi. Mwaka 1971 Ray Tomlinson, huko Marekani, alipeleka barua ya kwanza ya elektroniki kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao. Miaka michache baadaye wanafunzi wa vyuo vikuu vya Duke na North Carolina walianzisha Usenet, mtandao wa kupelekeana habari na majadiliano, ulioanza kutumika mwaka 1980. Makala zilisafiri kwa nyaya za simu, polepole, na kila dakika ilikuwa na bei. Kioo cha kompyuta cha wakati ule kilionyesha mistari 24, kila mmoja wenye herufi 80. Na hizo 80 zilirithiwa kutoka kadi za matundu za IBM za mwaka 1928. Mtu aliweza kuiagiza mashine ibandike sahihi yake chini ya kila alichoandika. Wengine wakaweka jina na kazi. Wengine wakachora majumba na panga kwa alama za nukta na vistari, hata jibu la neno moja likaja na mzigo wa ukurasa mzima.

Kanuni iliyozoeleka ikawa mistari minne. Baadhi ya programu za kupelekea makala ziliihesabu sahihi zenyewe, na ikizidi minne ziliiacha nje. Mwezi wa Oktoba 1995 Sally Hambridge, wa kampuni ya Intel, alikusanya adabu za mtandao katika waraka uitwao RFC 1855, akaikariri kanuni hiyo na kutoa sababu: wako wanaolipia kwa dakika, na urefu wa barua yako ni gharama yao. Sababu hii yanipendeza, kwa kuwa haimzungumzii mwandishi. Yamzungumzia apokeaye, kama zilivyofanya barua za pwani. Minne, kumbe, ndiyo hesabu ya vipande vya ubeti wa utenzi. Sidai kuna uhusiano wowote. Ni sadfa tu, lakini mwalimu wa ushairi haachi kuiona.

Kulikuwa na kanuni ya pili, ya sura. Kabla ya sahihi uwekwe mstari wenye vistari viwili na nafasi moja tupu baada yake, wala pasiwe na kitu kingine. RFC 3676 ya Februari 2004 yaieleza desturi hii. Programu ya msomaji ikiuona mstari huo hutambua kwamba maneno yamekwisha na kinachofuata ni jina, hivyo wakati wa kujibu yaweza kuikata sahihi isirudiwe. Nafasi ile haionekani kwa macho, ila ikikosekana alama yote hubatilika. Anayefundisha kuweka mkato na nukta hawezi kupata mfano bora zaidi wa kumwonyesha mwanafunzi mvivu.

Dakika zimekuwa rahisi, na kanuni ya mistari minne imesahauliwa na wengi. Barua za ofisi zifikazo mezani kwangu zina jina, cheo, shahada, namba tatu za simu, picha ya nembo, na chini yake onyo refu la kisheria kwamba asiyehusika asisome, nalo limewekwa mwisho, baada ya kusomwa yote. Wiki iliyopita niliuliza ofisi fulani kama vitabu vya kidato cha pili vimefika. Jibu lilikuwa "Bado." Sahihi niliihesabu: mistari kumi na saba.