Mkimiwa, si Mtegemezi

Februari bibi mmoja mzaliwa wa Tanga, mkazi wa Houston kwa miaka mingi, alinipigia simu akiwa na kipeperushi mkononi. Binti yake, aliyekuwa akimlea mwanawe peke yake, alifariki Machi ya mwaka uliotangulia, na mjukuu akahamia kwa bibi na begi lake la shule. Kipeperushi hicho, kazi ya ofisi nisiyoitaja, kilibeba kichwa hiki: “Nani Anaweza Kumdai Mtegemezi Mzazi Akifa?” Bibi alinisomea polepole, kisha akauliza: “Mwanangu, wananidai mjukuu? Nilimkopa kwa nani?”

Kosa la kudai halihitaji wino mwingi. Mswahili hudai deni, hudai mahari, hudai haki aliyonyimwa. Anayemdai mtoto amekwenda mahakamani kuvutana na wakwe. Kwenye ritani ya kodi ya Marekani hakuna mvutano wa namna hiyo: mlipakodi anaandika jina la mtoto, namba yake ya hifadhi ya jamii na uhusiano wao, ili apunguziwe kodi. Basi anamwandikisha. Yamekwisha.

Kiini cha ugomvi ni mtegemezi. Watetezi wake hunikumbusha kwamba lea imezaa mlezi na tetea imezaa mtetezi, kwa hiyo tegemea ina haki ya kuzaa mtegemezi. Nakubali, shingo upande. Lakini tunalo pia tegemeza, ambalo ni kuwekea kitu mhimili kisianguke, na sikio lisiloonywa husikia katika mtegemezi yule anayeshikilia, si anayeshikiliwa. Tena neno limekwisha kuchafuliwa na magazeti: uchumi tegemezi, bajeti tegemezi, taifa tegemezi. Kwenye kadi ya bima ya afya limezoeleka, sitalifukuza huko. Kumbandika mtoto aliyemzika mama yake ni jambo jingine.

Ninalopendekeza, na nililolipendekeza mbele ya jopo moja la istilahi ambalo lilikuwa na haraka ya kwenda kula, ni mkimiwa, kutoka kukimu. Nani hajui kujikimu? Mtumishi akihamishwa hulipwa posho ya kujikimu. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wa herufi tatu, qaf, waw na mim, wenye maana ya kusimama. Humo ndimo alimotoka kaimu, anayesimama mahali pa mwingine. Na makamu, ambaye kwa asili ni mahali penyewe pa kusimama. Na kima, yaani thamani ambayo kitu kinasimama nayo sokoni. Na Kiama, siku ya kusimama wote. Msikitini hukimiwa sala, na mwito wenyewe ni ikama, neno ambalo maofisa utumishi wa Tanzania wamelichukua kwa idadi ya watumishi wanaotakiwa ili ofisi isimame. Kumkimu mtu, basi, ni kumsimamisha kwa chakula, mavazi na paa. Jibu hutoa jibiwa, haribu hutoa haribiwa, na kimu hutoa kimiwa. Mwenye kukimiwa ni mkimiwa. Mjumbe mmoja alisema linamkumbusha kukimwa, yaani kuchoshwa na kuudhika. Siku hiyo nilikimwa kweli.

Nao hawakutaka kusikia hoja yangu kubwa, kwamba sheria yenyewe haiulizi mtoto anamtegemea nani. Inauliza kama amejikimu. Mtoto anayestahili kuandikishwa ni yule ambaye, pamoja na masharti mengine, hakugharimia mwenyewe zaidi ya nusu ya mahitaji yake ya mwaka. Hapa ndipo yatima anapoitia mtegemezi aibu. Mzazi aliyechangia hifadhi ya jamii akifa, mtoto anaweza kulipwa mafao, na fedha hizo zikitumika kumlisha na kumvisha huhesabiwa kuwa ni zake yeye, hata kama hundi inapokelewa na bibi. Zikivuka nusu ya gharama zake, mtoto huyo anamtegemea bibi kwa kuamshwa, kuogeshwa na kubembelezwa usiku, lakini kisheria amejikimu. Mtegemezi ni yeye. Mkimiwa si yeye. Zikiwekwa akiba, hazihesabiwi. Bibi alikuwa ameziweka zote benki, hakugusa hata senti.

Matumizi, kwa ufupi: mkimiwa awe mwana, mjukuu, ndugu au mpwa wa mlipakodi; awe chini ya miaka 19, au 24 kama ni mwanafunzi wa muda wote; awe ameishi naye zaidi ya nusu ya mwaka. Haandikishwi na watu wawili kwa mwaka mmoja. Wakistahili wawili, mzazi hutangulia; mzazi mwenye haki hiyo asipomwandikisha, mwingine anaruhusiwa iwapo mapato yake yanazidi ya mzazi. Kwa mwaka 2025 nafuu ya mtoto aliye chini ya miaka 17 inafika dola 2,200.

Tulijaza pamoja kwa simu. Tulipofika kwenye uhusiano akasema “mjukuu” kabla sijamuuliza. Kisha akataka kujua mama mtu ataandikwa wapi. Nikamwambia ana ritani yake ya mwisho, ya kuanzia Januari mosi hadi siku aliyofariki, na juu ya karatasi huwekwa neno marehemu na tarehe. Marehemu, aliyerehemiwa: hilo jopo bado halijaligusa.