Udugu wa Bodaboda: Kutoka Mpakani Hadi Mijini



Umoja ni nguvu. Lakini nguvu yaweza kujenga, na yaweza pia kubomoa. Historia ya waendesha bodaboda katika Afrika Mashariki ni ushahidi wa kutosha.

Bodaboda haikuzaliwa mjini. Ilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960 na 1970. Abiria aliyeshuka upande mmoja alilazimika kutembea na mizigo yake hadi upande wa pili. Vijana wenye baiskeli wakamwita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, wakilirudia mara mbili: boda, boda. Jina likabaki.

Nyakati zilikuwa ngumu. Chini ya utawala wa Idi Amin, kuanzia 1971 hadi 1979, bidhaa ziliadimika Uganda na magendo yakashamiri mpakani. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Katika dhiki ya namna hiyo mtu humhitaji jirani yake, na wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Miaka ya 1990 pikipiki zilianza kuchukua nafasi ya baiskeli, hasa mjini Kampala. Udugu ule ukapata makao, nayo ni steji. Kila steji ilikuwa na mwenyekiti na mweka hazina wake. Mgeni alilipa kiingilio na kupokewa kwa ridhaa ya wenyeji. Mwenzao alipofiwa, walichanga. Alipokosa adabu kwa abiria, waliomkanya ni hao hao.

Kisha idadi ikafurika. Mwaka 2008 Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na vyombo vya bei nafuu kutoka India na China vikaenea katika eneo lote. Vijana wasio na ajira waliikimbilia kazi hiyo, wengi wakiendesha pikipiki za matajiri wanaodai hesabu kila jioni. Kuanzia 2014, kampuni kama SafeBoda ya Kampala zilileta mafunzo na kofia za usalama, lakini pia zilimwezesha abiria kuita pikipiki kwa simu bila kupita steji. Mwenzi wa foleni akawa mshindani.

Je, udugu umekufa? La hasha. Umegeuka sura. Ajali ikitokea, makumi ya waendeshaji hukusanyika kwa dakika chache. Hawamjui aliyeanguka, wanaijua pikipiki tu. Pengine humkimbiza majeruhi hospitali. Pengine hulichoma gari bila kuuliza nani mwenye kosa. Mwezi Machi 2022, jijini Nairobi, kundi la waendeshaji lilimzingira mwanamke aliyekuwa akiendesha gari na kumdhalilisha. Serikali ikaamuru waendeshaji wote waandikishwe upya.

Amri hiyo ilikuwa ya lazima. Hata hivyo, daftari peke yake halimfundishi mtu haya. Kosa si umoja wa vijana hao, bali ni umoja wa watu wasiojuana, ambamo hakuna wa kumwambia mwenzake: acha, umekosa. Hivyo basi, serikali zinazotaka amani barabarani hazina budi kuiimarisha steji badala ya kuivunja. Hapo ndipo kijana hujulikana kwa jina lake, na anayejulikana kwa jina huona aibu kutenda uovu.