Zelenka na Sauti ya Chini

Wasikilizaji wetu wa Songea, mwajua ya kuwa katika ngoma mpigaji mmoja hatoshi. Iko ngoma ndogo na iko ngoma kubwa, na kila moja ina neno lake. Leo twataka kusimulia habari za mtu wa Ulaya aliyelifahamu sana jambo hilo.

Jan Dismas Zelenka alizaliwa mwaka 1679 huko Louňovice, katika nchi ya Bohemia, ambayo leo imo katika Jamhuri ya Cheki. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule na mpiga kinanda cha kanisa. Alipokuwa mtu mzima alikwenda Dresden, Ujerumani, akaajiriwa katika kundi la wapiga muziki wa mtawala wa Saxony. Chombo chake kilikuwa fidla kubwa yenye sauti nene, ambayo kazi yake ni kuwachukua wengine kama nguzo ichukuavyo paa. Watu huwatazama wapigaji wa mbele. Mwenye fidla kubwa hatazamwi.

Mwaka 1716, ijapokuwa umri wake ulikuwa umekwisha pita miaka 35, alikwenda Vienna kusoma kwa mwalimu Fux. Hakuona haya kuwa mwanafunzi tena. Aliporudi Dresden, karibu na mwaka 1721, akaanza kutunga sonata sita.

Sonata za namna hiyo huitwa za sauti tatu. Desturi ilikuwa hivi: sauti mbili za juu huzungumza, na ya tatu, iliyo chini, huwashikilia tu. Zelenka aliwapa sauti za juu wapiga obo wawili, ila katika sonata ya tatu aliweka fidla mahali pa obo mmoja. Obo ni ndugu yake zumari ya pwani, maana mpigaji hupuliza matete mawili yaliyofungwa pamoja. Chini aliweka zumari kubwa ya sauti nene. Naye huyo hakumwacha awe mtumishi. Wimbo ulioanzwa na mmoja huchukuliwa na wa pili kabla wa kwanza hajamaliza, kisha huyo wa chini naye huudaka, akakimbia nao sawasawa na wenziwe. Ni kazi ngumu, yataka pumzi ndefu na vidole vyepesi.

Mwaka 1729 Heinichen, mkuu wa muziki, alifariki. Zelenka ndiye aliyekuwa akimsaidia katika ugonjwa wake. Mwaka 1733 akamwandikia mtawala kuomba cheo hicho, lakini kikapewa Johann Adolf Hasse, mtungaji wa michezo ya kuimba iliyopendwa siku zile. Zelenka akapata jina la mtungaji wa kanisa, akaendelea na kazi yake mpaka alipokufa mwaka 1745.

Hata hivyo wenye kujua walimjua. Mwaka 1775 mwana wa Johann Sebastian Bach aliandika ya kuwa Zelenka alikuwa miongoni mwa watungaji walioheshimiwa na baba yake. Karatasi za sonata zilihifadhiwa Dresden, na kwa muda wa zaidi ya miaka mia wachache tu walimkumbuka. Katika karne ya 20 zikapigwa chapa, na mwaka 1972 Heinz Holliger na wenzake wakazipiga zote katika santuri.

Basi, ndugu, mkibahatika kuzisikia, msizifuate sauti za juu peke yake. Tegeni sikio chini, alikokaa Zelenka mwenyewe.