Majina Kando ya Barabara ya Bigwa–Kisaki

Katika Manispaa ya Morogoro, upande wa mashariki, kitongoji cha Bigwa ndicho mwanzo wa barabara inayofuata ubavu wa mashariki wa Milima ya Uluguru. Hupanda Kiroka, hupita Mkuyuni na Matombo, huteremka hadi Mvuha, kisha hukata tambarare za Wakutu kupitia Duthumi mpaka Kisaki, mwendo wa takribani kilomita 130. Huitwa kwa ncha zake mbili: Bigwa–Kisaki. Ikilinganishwa na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Dodoma, hii ni njia ndogo. Mwanaisimu, hata hivyo, ana sababu ya kuipa uzito, kwani majina yaliyo kando yake ni kumbukumbu ya lugha zilizokutana hapo, na sehemu ya kumbukumbu hiyo imeanza kusomwa vibaya.

Ifahamike kwanza kwamba barabara hii si mrithi wa moja kwa moja wa njia za misafara. Misafara ya karne ya 19 ilitoka pwani kwenda magharibi, nayo milima iliigawa pande mbili. Njia ya kusini ndiyo iliyofuatwa na Richard Burton na John Speke mwaka 1857, wakapita Duthumi na Zungomero, karibu na Kisaki ya leo. Njia ya kaskazini ilipita katika mji wenye ngome ulioanzishwa na Kisabengo, Mzigua, uliofahamika kwa jina la Simbamwene. Binti yake aliyetawala baada yake naye aliitwa hivyo. Henry Stanley aliupita mwaka 1871. Bigwa–Kisaki inaunganisha njia hizo mbili kaskazini kwa kusini, yaani inaukata mkondo wa biashara ya zamani badala ya kuufuata. Waluguru walikuwa na vijia vyao vya kupandia na kushukia tangu kale. Waliohitaji barabara pana walikuwa wengine.

Burton anastahili kuangaliwa kwa makini, maana aliandika majina kwa sikio la mtu aliyejifunza lugha nyingi. Katika kitabu chake cha mwaka 1860, nchi ya Wakutu inaitwa K'hutu, na kijiji alichougulia homa kinaitwa Dut'humi. Kwa kila dalili, alama ile ya ritifaa kabla ya h ilikusudiwa kuonyesha pumzi inayofuata konsonanti. Baadaye ritifaa ikaanguka. Katika jina la kabila, h nayo ikaondoka, likabaki Kutu. Katika jina la kijiji h ikabaki, na hapo ndipo kosa lilipozaliwa: msomaji wa Kiswahili akiona Duthumi hutamka th ya thamani na thelathini, sauti iliyoingia katika Kiswahili pamoja na maneno ya Kiarabu. Sauti moja ya mwandishi mmoja imepata hatima mbili, na hakuna aliyekaa kuamua iwe hivyo. Tahajia ya ramani huzoeleka tu, kisha huitwa sahihi.

Matombo ni kisa kingine. Katika Kiluguru neno hilo lina maana ya matiti, na jina huhusishwa na umbo la miamba ya hapo. Katika sikio la pwani, hata hivyo, linakaribia mno kitenzi kisichotamkwa mbele ya wakwe, hivyo mgeni hulitaja kwa tabasamu au kwa kuinamisha macho. Mkuyuni, kwa upande mwingine, halihitaji mkalimani: ni penye mkuyu. Abiria wa saa chache hupita kutoka jina linalojieleza kwa Kiswahili hadi jina linalomhitaji Mluguru alifafanue.

Wamisionari wa Roho Mtakatifu, waliokwisha kufika Morogoro mwaka 1882, walianzisha kituo Matombo mwaka 1897. Vita vikafuata. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Jan Smuts yaliingia Morogoro, nayo ya Paul von Lettow-Vorbeck yakarudi nyuma hadi Kisaki, ambako mapema Septemba yaliwazuia Waafrika Kusini. Upande wa mashariki askari wa Uingereza walisonga kupitia Matombo, wakichonga kingo za mlima ili magari yapite. Si vibaya kusema kwamba upana wa barabara hii ni wa kijeshi kabla haujawa wa mkulima.

Mkulima huyo alijibu mwaka 1955. Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru, ulioanza mwaka 1950, uliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko. Mwezi Julai umati ulikusanyika Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. Roland Young na Henry Fosbrooke walikiandikia kitabu kisa hicho mwaka 1960. Na jina Matombo, lililokuwa la miamba na la kanisa, likawa pia la tukio.

Hali ya lugha zenyewe si sawa. Kiluguru, G35 katika mpangilio wa Guthrie, kina wasemaji wengi, na mwaka 1974 Daniel Mkude aliwasilisha tasnifu ya sintaksia yake katika Chuo Kikuu cha London. Kikami, G36, jirani wa tambarare za Morogoro, kimekwisha kudhoofika mbele ya Kiswahili. Kikutu, G37, ndicho chenye ufunguo wa majina ya nusu ya kusini ya barabara. Makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro yamehamishiwa Mvuha, katikati ya njia, na majina haya sasa huandikwa huko kila siku katika hati za ardhi, orodha za shule na vibao. Matamshi ya wazee wa Duthumi yarekodiwe kabla tahajia za hati hizo hazijaanza kuwafundisha wajukuu wao namna ya kutamka kijiji chao.