Ukingo wa Ziwa Rukwa

Mtu atokaye Sumbawanga kwenda upande wa mashariki hufika mahali ambapo nchi yakatika ghafula. Nyuma yake yabaki Ufipa ya juu, nchi ya nyasi na baridi, iliyoinuka mita 1,800 hivi juu ya bahari. Mbele yake genge kubwa liitwalo Lyamba lya Mfipa lashuka kadiri ya mita 1,000 mpaka bonde lenye joto kali, na huko chini lang'aa Ziwa Rukwa. Sehemu ya bonde hilo yaitwa Uwanda. Msomaji wa pwani atadhani ni lile neno lake la mahali palipo sawa na peupe, na kweli nchi yenyewe ni tambarare. Lakini maana yake hapa ni nchi ya Wawanda, kama Ufipa ilivyo nchi ya Wafipa.

Yafaa kwanza ifahamike kwamba ziwa hili halina mtoko. Songwe na Momba yaingia kutoka kusini, Rungwa na Kavuu kutoka kaskazini, na vijito vingi vyashuka gengeni; wala hapana mto hata mmoja utokao. Maji huondolewa na jua tu. Tena ziwa si la kina, na nchi iliyo kandokando yake ni sawa kama sakafu. Kwa hiyo maji yakipanda kimo cha mtu mmoja, huenea mwendo wa kilomita nyingi juu ya mbuga, na yakipungua kadiri hiyo, mvuvi huacha mtumbwi wake katika matope makavu. Swali la kuuliza ukingo wa ziwa uko wapi ni jepesi mahali pengine. Hapa halijapata jibu lililodumu.

Wazungu wa kwanza walilisikia jina lake kwa namna nyingi, wakaandika Likwa, Rikwa, Hikwa. Mskoti Joseph Thomson aliliona mwaka 1880 akiwa juu ya genge, naye akaliita Leopold kwa heshima ya mfalme wa Wabelgiji. Jina hilo halikukaa. Wala ukingo uliochorwa katika ramani za siku zile haukukaa, kwani wapelelezi waliofika karne ya 19 ilipokuwa ikiisha walikuta mbuga tupu mahali pakubwa upande wa kaskazini.

Mabadiliko haya si mapya. Wataalamu wa miamba na matope wameona dalili kwamba zaidi ya miaka 8,000 iliyopita Rukwa lilijaa hata kupita kimo chake cha sasa kwa zaidi ya mita 100, likamwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika kwa njia ya upande wa Karema. Na hiyo Karema yenyewe ina habari yake. Mwaka 1879 Mbelgiji Cambier, aliyetumwa na chama cha mfalme Leopold, alianza kujenga ngome hapo, karibu na maji ya Tanganyika. Lakini mwaka uliotangulia mto Lukuga, mtoko wa ziwa hilo upande wa magharibi, ulikuwa umevunja kizuizi chake cha matope na majani, na maji yakaanza kushuka mwaka kwa mwaka. Mapadre Weupe walipokabidhiwa ngome hiyo mwaka 1885, ziwa lilikuwa likiendelea kuikimbia. Ikiwa ziwa lenye mtoko lilimhadaa mjenzi hivyo, lisilo na mtoko litafanyaje?

Mwaka 1949 Rukwa lilikaribia kukauka lote. Mwaka huohuo iliundwa idara ya nchi nyingi ya kupigana na nzige wekundu, makao yake yakiwa Abercorn, ambayo sasa yaitwa Mbala. Bonde la Rukwa lilikuwa mojawapo ya machimbuko ya nzige walioharibu mashamba ya nusu ya Afrika katika miaka ya 1930, kwa kuwa hupenda kutaga katika mbuga zinazofurika na kukauka kwa zamu. Kisha zikaja mvua kubwa za miaka ya 1960, ziwa likapanda, na mbuga nyingi zikarudi chini ya maji. Hata Hifadhi ya Wanyama ya Uwanda, iliyopimwa ili iwe malisho ya wanyama wa nchi kavu, sehemu yake kubwa ni ziwa.

Sasa twende juu tena, maana maji ya bonde huanzia huko. Wafipa tangu zamani hulima kwa ntumba. Mvua zikielekea kwisha, hupindua nyasi pamoja na udongo, wakafanya vilima vya mviringo vilivyojaa majani mabichi ndani. Majani huoza humo, na mvua za mwaka ufuatao vilima hubomolewa na kutandazwa, ndipo ulezi hupandwa. Wageni wengi wamesifu kilimo hiki kwa sababu ya mbolea. Mimi naona faida nyingine isiyosemwa sana: mlima uliojaa ntumba haumwagi mvua yake mara moja, bali huizuia kati ya kilima na kilima, ikanywewa na ardhi. Shamba lililolimwa kwa mistari iteremkayo huitupa mvua hiyo bondeni siku ileile, pamoja na udongo.

Nalo bonde limejaa watu kuliko zamani, wakulima wa mpunga, wavuvi, na wafugaji waliotoka Usukuma na ng'ombe wao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu katika mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Sheria hiyo ni njema. Lakini mtu aliyepima mita zake 60 katika mwaka wa ukame na kujenga nyumba kwa haki, aweza kuamka mwaka mwingine maji yakiwa yamempita kwa kilomita kadhaa, naye hana kosa. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa, iliyo na makao yake Mbeya, ndiyo yenye mamlaka juu ya maji haya; na kwa maoni yangu kipimo cha haki kingeanzia pale maji yalipofika yalipopanda sana, si pale yanapoonekana leo. Wazee wa vijiji vya kando ya ziwa wangeweza kuonyesha mahali hapo kwa kidole. Tena kazi hiyo haifai kungoja, kwa sababu udongo ushukao kutoka Ufipa hauna mtoko vilevile: hukaa chini ya ziwa, sakafu yake ikapanda, na mvua ileile iliyofika mahali fulani zamani itafika mbele zaidi.