Intahe na mchikichi: malalamiko yalivyosikilizwa Rumonge

Intahe ni fimbo fupi ambayo mzee wa Kirundi huigonga ardhini anapoamua shauri. Mwenye haki ya kuishika aliitwa mushingantahe, na wenzake kwa pamoja bashingantahe. Kila kilima cha Burundi kilikuwa na wake, kwa kuwa watu wameishi kwa kutawanyika vilimani, na kilima ndicho kilichosimama mahali pa kijiji.

Hakuna aliyezaliwa mushingantahe. Mtu alitazamwa miaka mingi: anavyokunywa, anavyolipa deni, kama anatunza siri, kama anasema kweli hata inapomwumiza ndugu yake. Aliyepita mitihani hiyo isiyotangazwa aliapishwa mbele ya kilima kizima, pombe ya ndizi ikinywewa, ili asiwepo wa kudai baadaye kwamba hakumjua. Wahutu na Watutsi waliapishwa sawasawa. Baganwa, yaani watu wa ukoo wa kifalme, waliwekwa kando kwa kuwa tayari walikuwa na mamlaka nyingine. Batwa walinyimwa nafasi hiyo, na wanawake kwa muda mrefu hawakuketi miongoni mwa waamuzi. Hiyo ni dosari ambayo sifa za bashingantahe haziwezi kuifunika.

Utaratibu wenyewe unastahili kuangaliwa kwa karibu. Mlalamikaji alipeleka neno lake kwa mzee aliye jirani, siku ikapangwa, na aliyelalamikiwa akaitwa. Walikaa uwanjani, mahali pa wazi. Mlalamikaji alisema mpaka akamaliza, mwenzake akajibu mpaka akamaliza, na aliyedakiza alinyamazishwa kwa fimbo kugongwa chini. Mashahidi walifuata. Kama ni shauri la mpaka wa shamba, watu wote waliinuka wakaenda shambani kuona kwa macho. Kisha wazee walijitenga, wakazungumza bila kusikika, wakarudi na neno moja. Mabishano yao ya faragha hayakutoka nje, kwa hiyo aliyeshindwa hakupata mzee wa kumwekea kinyongo. Asiyeridhika aliweza kupanda hadi kwa chifu, na hatimaye kwenye baraza la mwami, yaani mfalme. Mushingantahe naye hakuwa juu ya malalamiko: aliyekula rushwa au kutoboa siri alionywa na wenzake, na asipojirekebisha alivuliwa intahe.

Rumonge iko kwenye uwanda wa Imbo, ufukweni mwa ziwa Tanganyika, kiasi cha kilomita 70 kusini mwa Bujumbura. Hapo mambo hayakuwa mepesi kama vilimani. Wavuvi wa mikeke na dagaa, wafanyabiashara Waislamu wenye ndugu Ujiji, na watu wa ng'ambo ya Kongo walikutana, na Kiswahili kikawa lugha ya soko. Wasiokuwa na kilima kimoja hawakuwa na wazee wa kuwaamua pamoja. Hasara yake ilionekana mapema. Mapadri wa White Fathers walifungua kituo Rumonge mwaka 1879. Tarehe 4 Mei 1881, ugomvi na majirani zao Wabikari, ulioanzia kwa mtoto mmoja aliyekuwa chini ya ulinzi wa misheni, uliishia kwa wamisionari watatu kuuawa. Kila upande uliamini una haki juu ya mtoto yule, na hapakuwa na mtu ambaye pande zote mbili zingekubali kukaa mbele yake.

Wabelgiji walipotawala, mahakama zao ziliwapunguzia wazee nguvu. Baada ya uhuru wa 1962, chama tawala kilianza kuwapa heshima ya intahe watu wake, na jina likabaki huku uteuzi ukitoka juu. Aliyewekwa na chama hana budi kukitazama chama anapoamua. Hapo ndipo imani ya watu ilipoanza kupasuka.

Pigo kubwa lilikuja tarehe 29 Aprili 1972. Waasi wa Kihutu walishambulia Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi wengi. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa kuwaua Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma, na Warundi hukiita kipindi hicho Ikiza. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Tanzania, wakawekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mashamba yao ya michikichi hayakubaki matupu: mengine yaligawiwa watu wapya, mengine yakaingizwa katika mradi wa serikali wa mawese.

Sheria ya ardhi ya 1986 ilimpa umiliki aliyekalia shamba miaka 30, au 15 ikiwa alilipata kwa nia njema. Mkataba wa amani wa Arusha wa Agosti 2000 ulisema wakimbizi lazima warudishiwe mali zao, au walipwe fidia ya haki pale isipowezekana. Ahadi hizo mbili ziligongana Rumonge. Aliyerudi kutoka Tanzania mwaka 2008 alionyesha mchikichi uliopandwa na baba yake. Aliyekutwa hapo alionyesha karatasi ya serikali na watoto waliozaliwa chini ya mchikichi huohuo. Wote wawili walisema kweli.

Tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine, CNTB, iliundwa mwaka 2006. Chini ya Padri Astère Kana ilipendelea kuwapatanisha, na mara nyingi shamba liligawanywa kati yao. Chini ya Monsinyori Sérapion Bambonanire, kuanzia 2011, msimamo ukawa kumrudishia mkimbizi shamba lote. Waliotolewa walilalamika kwamba jibu lilikuwepo kabla hawajasikilizwa. Waliorudi walisema kugawa shamba lililoporwa ni kumpa mporaji nusu. Mwaka 2014 iliundwa mahakama maalumu ya kupokea rufaa. Mwaka uliofuata, baada ya maandamano katika mkoa jirani wa Makamba, Rais Pierre Nkurunziza alisimamisha kazi za tume huko. Muda wa CNTB ulimalizika mwaka 2022.

Wakati huohuo bashingantahe walikuwa wameondolewa hatua kwa hatua katika sheria za mahakama na za tarafa. Sheria ya Januari 2021 ilileta baraza la wazee wa kilima lenye watu 15, ambao wananchi waliwapigia kura mwaka 2022. Malalamiko ya jirani dhidi ya jirani, kuanzia mpaka uliosogezwa hadi deni lililokanwa, huanzia kwao, nao huandika walichosikia ili mahakama ikisome. Mushingantahe wa zamani alitazamwa kwa miaka kabla ya kupewa fimbo. Mjumbe wa leo hutazamwa akiwa tayari kitini.